Vibuyu vya Ndugu Meneja

Jumatatu, 6 Septemba 1976
Kibondo. Wiki ya pili bila Veronica. Mke wangu amekwenda kwao Kasulu, na sababu ni kahawa. Kahawa ya maharage, uvumbuzi wangu. Nilikaanga mbegu zake zote za msimu huu, nikazisaga. Aliposikia harufu akauliza kinachonukia ni nini. Nikamwambia ni kwa jirani, kwa Bazilio. Akaenda kwa Bazilio kuangalia! Mwanamke gani huyu? Jioni akafunga kanga zake.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepika ugali, nusu mbichi, nusu mkaa. Nimekula nikitazama kigoda chake.

Bazilio amekuja. Yeye ni balozi wetu wa nyumba kumi, kwa hiyo anadhani ushauri ni kazi yake. Amesema hakuna njia nyingine: Longinus, yaani mimi, abebe pombe, aende ukweni, akae chini, wazee wamsute mpaka waishiwe maneno, wanywe, kisha arudi na mkewe. Ndivyo wanaume wote wa hapa wanavyofanya. Hata yeye alikwenda, tena mara mbili. Nimemjibu kwamba mimi si mtu wa kusutwa. Amecheka. Baadaye mkewe ameniletea bakuli la maharage. Huruma zao zinaniudhi sana. Nimeyamaliza.

Jumanne, 7 Septemba
Mungu yupo! Nimefungiwa chumvi dukani kwa gazeti la wiki iliyopita. Kiwanda kipya cha chakula, Kasulu (Kasulu!), kinatafuta Mbunifu wa Bidhaa. Mtu wa kubuni vyakula vya kutengenezwa kwa mazao ya huku. Apeleke barua ya maombi, sampuli ya bidhaa moja, na jina la mtu anayeujua utendaji wake.

Mpango umejipanga wenyewe kichwani. Napata kazi. Napewa nyumba ya kiwanda. Napita mbele ya nyumba ya baba mkwe, Mzee Venanti, nimevaa viatu. Kusutwa hakuna. Mzee mwenyewe atamleta binti yake na mzigo atambebea.

Bidhaa: maji ya ndizi kwa watoto wa shule. Matamu, hayana kileo hata tone. Nimekamua ndizi kwa nyasi mpaka mikono imetoka malengelenge. Nimejaza vibuyu viwili. Kweli ni vibuyu vya pombe, lakini nimevisuuza.

Jumatano, 8 Septemba
Barua. Nimeanza hivi: "Ndugu Meneja, nina uzoefu wa miaka thelathini na mitano katika kula." Nimeisoma tena. Ina nguvu!

Nimempelekea Mwalimu Hilali aitazame. Ni mtu wa Pangani, Kiswahili amezaliwa nacho. Kwa heshima nikambebea na bilauri ya maji ya ndizi. Saa sita mchana. Mwezi wa Ramadhani. Aliitazama bilauri, akanitazama mimi, kisha akachukua kalamu nyekundu.

Amefuta kula. Amefuta aya nzima ya kahawa. Amejaza maneno ya kiofisi: naomba kwa unyenyekevu nifikiriwe, nakiri upungufu wangu, nina nia ya kujifunza, niko tayari kwa majaribio ya miezi mitatu. Nimemwambia sina upungufu. Amesema niandike hivyo hivyo.

Limebaki jina la anayeujua utendaji wangu. Bazilio? Atataja sabuni yangu iliyowatoa watu vipele. Padri? Atataja sabuni, alinunua miche mitatu. Nimefikiri mpaka ugali umeungua. Mwisho nimeandika: Veronica binti Venanti, Kasulu. Hakuna mwingine aliyeziona kazi zangu zote tangu ya kwanza. Nimemkumbuka vibaya sana.

Ijumaa, 10 Septemba
Basi halikuondoka jana. Leo pia. Hakuna dizeli. Vibuyu vinangoja stendi, midomo imezibwa kwa majani ya mgomba, barua imefungwa juu. Bahasha sikuiandika kitu, isije ikachafuka. Kibuyu kimoja kinatoa sauti ndani. Nimekipigapiga, kimetulia.

Jumapili, 12 Septemba
Basi limeondoka! Vibuyu nimemkabidhi utingo, Reverien, Mrundi aliyekuja mwaka wa sabini na mbili na sasa anamjua kila mtu kutoka hapa mpaka Kasulu. Nilitaka kumweleza pa kuvipeleka. Akanizuia. Akanusa kibuyu, akanishika bega, akasema amahoro, yaani amani, shemeji, hakuna haja ya maelezo, yeye anajua, na amefurahi mno kwa ajili yangu. Kijana mwelewa. Atafika mbali.

Jumatano, 15 Septemba
Hakuna jibu. Bazilio ameuliza pombe nimeanza kupika lini. Nimemwambia nina mambo yangu na meneja. Wivu umemjaa.

Nimefagia nyumba, hata mvunguni. Nimekuta kanga yake moja. Nimeikunja. Nimeikunjua. Nimeikunja tena. Meneja akikataa, sina mpango mwingine. Sijawahi kukosa mpango mwingine maishani. Naogopa.

Ijumaa, 17 Septemba
Nilikuwa stendi kungoja barua ya meneja. Basi likafika. Akateremka Veronica. Na mzigo!

Nimempokea mzigo, tumetembea mpaka nyumbani. Alipokaa kwenye kigoda chake ndipo akasimulia.

Reverien alivipeleka vibuyu moja kwa moja kwa Mzee Venanti. Mwanamume ambaye mkewe yuko kwao anatuma Kasulu vibuyu vinavyotoa povu. Avipeleke kwa nani tena? Povu! Maji yangu ya watoto wa shule! Wazee wakaitwa, wakanywa. Barua akapewa Veronica awasomee. Aliona papo hapo kwamba si yao. Akamruka meneja, akaruka kiwanda na ndizi, akasoma yaliyobaki: unyenyekevu, upungufu, nia ya kujifunza. Wazee wakaguna. Baba mkwe akasema hakujua kwamba mkwe wake ana maneno mazuri namna hiyo. Majaribio ya miezi mitatu wameyakubali.

Nimemuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli. Amesema alitaka kuwaambia, lakini akafika kwenye jina lake. Nimetakiwa kumtaja mtu mmoja anayenijua, nikamtaja yeye, yeye niliyemkaangia mbegu. Amesema meneja angemuuliza, angemjibu kwamba Longinus anafanya kazi kwa bidii kuliko mtu yeyote Kibondo, na haijawahi kuleta faida. Nikasema hizo ni sifa. Amecheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Mimi nimefuta ya kwangu kwa shati.

Nampenda huyu mwanamke. Nimeandika, na sifuti.

Amepika. Hata ukoko sikuuacha.

Jumapili, 19 Septemba
Majaribio yanakwenda vizuri. Bazilio amepita kunipongeza kwa kwenda ukweni kiume. Nimezipokea pongezi.

Leo nimetafakari. Mzee Venanti, mtu mgumu kuliko wote Kasulu, amelainishwa na bidhaa yangu. Huyo meneja ni nani? Barua ya pili nimeshaianza. Tatizo ni sampuli, maana watoto wa shule hatuwezi kuwalewesha. Inahitajika bidhaa nyingine.

Katika mzigo wa Veronica mna mbegu mpya za maharage, zawadi ya mama yake. Nyekundu, nzito, zinang'aa. Na kosa la kahawa ile sasa nalijua: moto ulikuwa mkali mno.

Nimechota kibaba kimoja tu. Niko nyuma ya nyumba, moto mdogo, nakaanga taratibu, daftari gotini.

Veronica anauliza kutoka ndani kinachonukia ni nini.

Nimemwambia ni kwa Bazilio.

Namsikia anavaa kandambili.