Tela la Mapumziko Lisinyeshewe

Kwa heshima na taadhima, nachukua fursa hii kuutangazia umma kwamba ukaguzi wa tela jipya la mapumziko la Halmashauri yetu umekamilika kwa mafanikio makubwa. Maneno yanayosemwa sokoni Newala, na yale yaliyokwisha kuteremka hadi Masasi, ni ya watu wasioelewa taratibu. Mimi Gwakisa, Katibu wa Kamati ya Ukaguzi na Mapokezi, nilikuwemo. Tena nilikuwemo ndani kabisa, kama nitakavyoeleza.

Tela lenyewe ni nyumba ya magurudumu. Lina kitanda, jiko, bafu na kapeti, na hukokotwa na gari. Lilinunuliwa ili viongozi wanapokwenda kuwatembelea wakulima vijijini wasilazimike kulala kwa hao wakulima. Kitaalamu huo unaitwa ukaribu na wananchi.

Kelvin, dereva wa kampuni iliyotuuzia, alilifikisha kwenye kijiji kimoja nje ya Makote, penye jengo pekee lenye mlango wa kulipitisha: ghala la korosho. Kwa mujibu wa mkataba, tela halikuwa letu mpaka tulikague, na Mwenyekiti wetu, Bwana Fakihi, ni mtu wa msimamo. Alisema mali ambayo haijapokelewa isinyeshewe hata tone. Wingu lilikuwa limeshaanza kutanda upande wa Ruvuma. Basi tela likaingia ghalani, na magunia ya wakulima yakatolewa nje. Turubai la ghala nalo tukalitandaza juu ya tela, maana mle ndani mna popo.

Hapo ndipo alipotokea Evelina, mkulima wa palepale, ambaye wenzake humwita Mama Furaha.

"Shikamooni," alisema. Kwa umri sisi ndio tuliopaswa kumwamkia, lakini tuliitika "marahaba" kwa niaba ya Serikali.

"Baba mwenyekiti, magunia yangu yapo nje na mvua ile pale. Korosho ikilowa inaota ukungu, mnunuzi haitaki hata ya bure. Nangu, mimi huyu, ule ndio mwaka wangu wote. Sina mwingine."

"Mama, Serikali inalitambua hilo."

"Ikishalitambua, inasaidia kubeba?"

Bwana Fakihi alimweleza kwa upole kwamba ukaguzi ukiisha tela litatoka na magunia yatarudi. Evelina akauliza utaisha lini. Akajibiwa kuwa haraka haraka haina baraka.

"Na mvua mmeshaiambia?" akauliza, akaondoka. Nilisikitika kuona elimu ya uraia ilivyo chini.

Kelvin alishauri kwamba tela jipya watu huwasha taa zake, hufungulia maji, hujaribu milango na breki. "Huko kwenu," alijibu Bwana Fakihi. Yeye amekuwa afisa ubora wa korosho tangu aajiriwe, na katika wilaya hii kukagua kunajulikana: unapima unyevu, unatazama uchafu, unachukua sampuli.

Tulianza na unyevu. Mito ya tela ilikuwa na harufu ya upya, jambo lililotia shaka, kwa hiyo ilianikwa juani kwenye majamvi na kugeuzwageuzwa mpaka ikawa inalia ikitikiswa, kama korosho iliyokauka. Kisha Bwana Fakihi akaomba bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho huchomwa kwenye gunia ili korosho chache zitoke bila kulifungua. Akapanda ngazi, akaliondoa turubai, akakichoma kwenye paa.

"Mzee, unalitoboa!" Kelvin alipiga kelele.

"Hatutoboi, kijana. Tunachukua sampuli."

Ilitoka sponji nyeupe na unga wa mbao. Bwana Fakihi aliinusa, akaitafuna kidogo, akatangaza daraja la kwanza. Kwa kuwa sehemu moja haitoshi kuwakilisha tela zima, alichukua sampuli pia kwenye kona zote, na kwa uangalifu wa pekee, juu ya kitanda. Nilijivunia kufanya kazi na mtu kama huyu.

Kipengele cha mwisho kilikuwa godoro. Godoro halikaguliwi kwa macho. Tuliingia wawili, yeye na mimi, tukavua viatu, tukafunga mlango ili wananchi wasiingilie mchakato, tukalala.

Baadaye Evelina aligonga. "Baba, wingu limefika."

"Tuko kwenye kikao!" aliitika Bwana Fakihi bila kufumbua macho.

Halafu tela likaanza kutembea. Nikachungulia dirishani nikaona kijiji kizima, wake kwa waume, kinatusukuma kutoka ghalani, Evelina mbele kashika mkono wa tela, na Kelvin, aliyefungua breki tusizozikagua, anawaelekeza pa kukatia kona. Walituegesha uwanjani. Kisha wakayarukia magunia, huyu begani, yule kichwani, wawili wawili kwa yale mazito. La mwisho lilikuwa la Evelina. Lilipovuka kizingiti, mvua ikashuka.

Maji yaliingia mahali pote tulipochukua sampuli, na pale juu ya kitanda yaliingia kwa bidii zaidi. Tulivuta godoro kushoto, yakatukuta. Tulivuta kulia, yakawa yametangulia.

"Kelvin!" Bwana Fakihi alifoka kupitia dirishani. "Tela lenu bovu! Linavuja!"

Kelvin alikuja na mwavuli, hana papara. "Sawa, mzee. Nawaita wanakijiji washuhudie kwamba linavuja, halafu washuhudie pia matundu yametobolewa na nani. Ama useme halivuji, mlipokee, mimi nishuke zangu Masasi."

Wanakijiji wote walikuwa wamejipanga mlangoni mwa ghala, wanasikiliza. Bwana Fakihi alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari, tone likaniingia jichoni.

"Kamati imejiridhisha," alitangaza Mwenyekiti kwa sauti ya mkutano wa hadhara, maji yakimchuruzika puani. "Tela halivuji. Tumelipokea."

Wananchi walipiga makofi. Kelvin akawasha gari akaenda zake, na sisi tukabaki uwanjani, tela likiwa mali yetu halali. Maji ya kapeti yalikuwa yamefika vifundoni. Nilihisi baridi, na nakiri nilihisi kuonewa.

"Mama Furaha," Bwana Fakihi aliita, safari hii sauti yake laini kabisa. "Shikamoo, mama. Tunaomba tujisitiri humo ghalani, japo kidogo."

"Marahaba, mwanangu." Evelina alikuwa ameketi juu ya magunia yake makavu, amekunja miguu. "Huku tumebanana na korosho. Nyie kaeni humohumo kwenye tela. Si halivuji?"

Hoja haikuwa na dosari. Tulifunga dirisha.