Moyo wa Anestis Wavuja

"Kimenuka!" Bi Fotini akalitupa rundo la barua juu ya meza yetu, kete zikaruka. "Wadukuzi wameingia kwenye kompyuta za kliniki ya mjini. Mafaili ya wagonjwa yamebebwa!"

Kijijini kwetu mtu wa posta hahangaiki na vilima. Barua zote anaziacha kwenye mgahawa wa Bi Fotini, naye ndiye anayetusomea, maana sisi miwani tunaisahau nyumbani tangu tulipostaafu. Hizi zilikuwa na muhuri mwekundu: SIRI, IFUNGULIWE NA MHUSIKA TU. Alikuwa ameshazifungua zote kwa kisu cha mkate.

"Huo ni uvunjaji wa faragha!" alifoka Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi.

"Tulia, hii hapa ni yako. Majibu yako ya vipimo huenda yameibwa."

"Vipimo gani?" aliuliza Redio. Huyo ukimwambia jambo asubuhi, mchana padri anakupa pole.

"Vya mkojo," alisema Bi Fotini.

"Fotini! Nimetoka kusema faragha!"

"Mimi waibe tu," alisema Redio. "Bawasiri yangu niliitangaza mwenyewe kwenye harusi ya Vangelio, na kipaza sauti mkononi."

Bi Fotini aliendelea kusoma. "Wanasema usimtajie mtu namba yako ya bima, na ubadilishe neno la siri."

"Langu hata shetani halijui," alijigamba Jenerali.

"Si tarehe ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lako?" Redio alicheka. "Kila mwaka siku hiyo tunakuja kwako kula keki, tunakuimbia, halafu unaita siri?"

"Nani kakwambia?"

"Na mimi nimeweka ya mtakatifu wangu!"

"Na mimi," alisema Bi Fotini.

Mimi nilikohoa, nikatazama dirishani.

Hapo ndipo tulipomtazama Anestis, aliyekuwa amekaa nasi mezani. Tunamwita Moyo, kwa ajili ya ule ugonjwa wake. Ikifika Novemba, ukoo mzima wa mkewe Stamatia unapanda shambani na nyavu na fimbo kuvuna zeituni, yeye anabaki hapa, mkono kifuani, akiugulia kahawa. Sasa alikuwa mweupe kama jibini.

"Wakilitoa faili langu nimekwisha," alisema.

"Pole, kaka. Kwani umezidiwa?" aliuliza Jenerali.

"Sina ugonjwa. Daktari alisema nina moyo wa kijana wa miaka ishirini."

Jenerali akapiga meza. "Miaka kumi na moja nakupasulia kuni!"

"Na mimi nakuachia kiti cha karibu na jiko!" nilisema. Nilikasirika kwelikweli, maana kile kiti ni kizuri.

"Jamani, nitukaneni baadaye. Stamatia akijua, nitavuna mpaka zeituni za jirani. Kuna namba ya simu hapo?"

Ilikuwepo. Kwa kuwa sikio lake la kulia limekufa, aliweka spika, akaishika simu mbele ya mdomo kama anayetaka kuila.

"Habari, baba," ilisema sauti ya binti. "Naomba jina na namba ya bima."

"ANESTIS MAVROUDIS!" Akaanza kuzitaja namba, moja moja.

"Polepole," alisema Bi Fotini. "Redio anaandika."

"Binti yangu, naomba unirekebishie faili kabla halijasambaa. Mliandika mzima. Andika mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini, baba?"

"Wa moyo. Chagua wewe wowote unaoupenda, ila uwe haumruhusu mtu kubeba vitu vizito!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Polykarpos, kaka yake Stamatia, matope hadi magotini, gunia la zeituni kila bega. Anestis alikuwa amempa mgongo. Nilimpiga teke chini ya meza.

"Eti niongeze sauti? Naongeza! BINTI, SHEMEJI YANGU POLYKARPOS ANABEBA MAGUNIA YANGU MIAKA KUMI NA MOJA! AKIJUA MIMI MZIMA ATANIZIKA!"

Jenerali naye akampiga teke. Bi Fotini akajifunika uso kwa trei.

"Baba, usiwe na wasiwasi," alisema binti kwa upole. "Nimeangalia. Barua tulimtumia kila mtu, lakini faili lako ni la karatasi, liko kabatini, halijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Wezi hawakuligusa. Hakuna anayejua chochote."

"Asante Mungu!" Anestis aliinua mikono, akageuka kutukumbatia, macho yakakutana na ya Polykarpos.

Polykarpos aliteremsha gunia la kwanza. Akateremsha la pili. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hicho ndicho kilichotutisha.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, shemeji," alisema. "Ngazi utabeba wewe. Dada yangu nimwambie mimi, au utampigia mwenyewe, maana spika naona inafanya kazi?"

Redio alikuwa ameshavaa koti, na kwa haraka aliyokuwa nayo tulijua kijiji kizima kitapata habari kabla kahawa haijapoa.

"Baba?" ilisema simu. "Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Anestis alilitazama gunia lililokuwa likisukumwa taratibu kuelekea miguuni pake.

"Ndiyo, mwanangu," alinong'ona. "Huo wa moyo, sasa uandike. Umeanza."