Kumpita Shemeji Kilimani

Jumatatu, 3 Machi

Nakiri. Mtu aliye karibu na kaburi hana sababu ya kuficha kitu, isipokuwa kwa mke wake. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisitegemee miaka. Leo moyo huo umepata sababu nyingine ya kuchoka. Nikipanda kilima cha hospitali, gia ya pili, injini ikilia, nimepitwa na gari la maiti. Likiwa na maiti ndani!

Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwenye biashara ya kusafirisha marehemu. Alipofika sambamba nami akateremsha kioo, akauliza kama nahitaji kusukumwa. Kisha akasema nisihangaike, makaburi yako juu kule kule, mbele kidogo ya hospitali, siku moja atanipandisha yeye na tutafika mapema. Mke wangu akacheka. Akiwa ndani ya gari langu!

Nilikuwa hakimu nusu ya maisha yangu. Natoa hukumu: kabla sijafa, nitampita shemeji kwenye kilima kile. Hakuna rufaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata supachaja. Imetoka kwenye gari lililopondwa upande wa nyuma. Ni pampu tu: mkanda wa injini unaizungusha, nayo inashindilia hewa ndani ya injini, moto unakuwa mkali, gari linapaa. Gari letu ni la kawaida, lipo vile vile lilivyotoka kiwandani. Mara kwa mara mke wangu hupeleka nalo sare za shule anazoshona. Dereva ni mimi. Leseni anayo, lakini usukani nimeushikilia mwenyewe tangu tulipooana.

Niliificha supachaja chini ya kitanda. Aliikuta akifagia. Akauliza hiki nini. Nikasema ni mashine ya kusukuma hewa. Akauliza kama daktari ameniambia kitu. Nikasema ameniambia napungukiwa pumzi. Majibu mawili, yote ya kweli. Kisheria sikudanganya. Machozi yakamlengalenga. Ameifuta grisi yote, ameiweka kwenye meza kando ya mto wangu, ameifunika kitambaa cha kufuma.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa fundi. Mtaa mzima humwita Fundi Kwanza, kwa kuwa hana sentensi isiyoanza na neno hilo. Nilitaka afunge supachaja leo leo. Akanitazama kana kwamba nimemposa. Kwanza klachi, Mheshimiwa! Injini ikipata nguvu mpya, klachi ya zamani itateleza: kelele nyingi, gari liko pale pale. Nilielewa mara moja. Nilikuwa na karani wa namna hiyo.

Kisha akaeleza kuwa klachi ikishika, nguvu yote itahamia kwenye giaboksi. Giaboksi ikistahimili, itashuka kwenye ekseli. Ukiimarisha kimoja, kinachofuata ndicho kinachokatika. Na injini yenyewe itataka kuruka kutoka mahali pake, kwa hiyo kwanza raba zinazoishikilia. Nikamwambia afanye kwanza vyote.

Mke wangu nimemwambia gari limekwenda kubadilishwa oili. Sare zimepelekwa na shemeji. Katika gari la maiti! Lilipoingia uwanjani shule nzima ilisimama kimya. Amesimulia mara tatu mezani kwangu.

Jumapili, 9 Machi

Gari limerudi. Klachi ya springi nzito. Ekseli nene. Raba ngumu kama kisigino. Supachaja itafuata. Nikaingia kwa heshima zote, nikakanyaga klachi. Haikwenda. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Kikaenda kiti. Nikajikuta nyuma, magoti hewani.

Fundi Kwanza akauliza nina kilo ngapi. Nikasema swali hilo halihusiani na shauri lililo mbele yetu. Akajaribu yeye; ikaingia kama kisu kwenye siagi. Ana paja kama gogo. Nikamwuliza kwa nini hakunionya. Akasema kwanza, sikumwambia kuwa nitaendesha mimi. Alidhani nina dereva, mtu mkubwa kama mimi.

Nimetafakari. Fundi amekosea jambo moja. Mfumo wa gari hauanzii kwenye injini. Unaanzia kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Mguu huo ni wa kiwandani, haujawahi kuguswa. Utaimarishwa.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi. Nalala chali sakafuni, nasukuma kabati kwa mguu wa kushoto. Kabati halisogei. Nasogea mimi. Leo nimesogea mpaka chini ya kitanda, na mke wangu akaingia wakati huo huo. Akauliza nafanya nini huko. Nikasema napumua. Akaanza kuhangaika kutafuta waya wa ile mashine ili aichomeke ukutani.

Shemeji amekuja kunijulia hali. Akaitazama mashine chini ya kitambaa, akauliza kwa sauti ndogo kama inasaidia. Nikasema bado haijaunganishwa. Hakutania hata kidogo. Alipofika mlangoni akageuka, akanipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha mabegani. Mabegani! Ninajua anawaza mbao za ukubwa gani.

Alasiri nimejaribu mbinu nyingine. Mkongojo! Ukiusukuma kwa mikono miwili, klachi inazama. Tatizo ni usukani, ambao nao unahitaji mikono. Pipa la taka la jirani limelala chini. Limelazwa na upepo, ndivyo nitakavyosema.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu ana sare za kupeleka. Nikakiri kwamba klachi imekaza kidogo baada ya ile oili. Akaniambia nisogee. Akaketi, akapandisha gauni, akakanyaga. Ikazama yote! Nilisahau cherehani. Mwanamke huyu amekanyaga cherehani ya miguu tangu ujana wake. Ana miguu ya askari.

Akasema gari limependeza, limekuwa na msimamo. Mimi nilishikilia taya. Zile raba ngumu zinaleta mtetemo wote kwenye kiti, na meno yangu ya bandia yalikuwa yanapiga makofi yenyewe. Tuliporudi, ufunguo akautia mfukoni mwake. Hajaurudisha.

Jumamosi, 15 Machi

SIKU!

Mke wangu akinipeleka kwa daktari. Chini ya kilima, mbele yetu, nani? Shemeji! Gari la maiti, maua juu, msafara wa wafiwa nyuma yetu. Nikapiga kelele: mpite, mama, mpite! Akaniuliza kama nina akili timamu, nani anapita jeneza. Nikasema jeneza lilitupita sisi.

Katikati ya kilima gari la shemeji likaanza kulia. Kelele nyingi, liko pale pale. Klachi! Inateleza! Nilitambua kabla yake. Moshi ukatoka. Akashuka, suti nyeusi, akajaribu kusukuma peke yake mbele ya wafiwa wote. Kisha akaja dirishani upande wa dada yake, hakunitazama. Akasema, dada, nisaidie, nimeaibika.

Nikaweka pingamizi. Likatupwa. Tukasogea mbele yake, kamba ikafungwa. Mke wangu akakanyaga, akatia gia ya kwanza, akaachia taratibu. Klachi ikashika! Ekseli zikashika! Tukalivuta gari la maiti, na shemeji ndani yake, na marehemu, na maua, tukaipita hospitali, mpaka makaburini. Mwendo wa kinyonga. Lakini nani alikuwa mbele? Mimi! Nimempita kwa urefu wa kamba. Nikatoa kichwa dirishani nimwambie. Meno yakaruka. Shemeji akayapita juu, matairi yote mawili. Sikujali hata kidogo. Miadi ya daktari imenipita pia.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari amekuja nyumbani kwa kuwa mimi sikufika. Moyo umechoka zaidi. Kisha akainua kitambaa cha kufuma, akauliza nani amemwandikia mgonjwa kipuri cha gari.

Mke wangu akakikunja kitambaa mara nne. Akasema kitu hicho kisilale ndani ya nyumba yake usiku wa leo, na usukani nisiuote tena mpaka nife.

Ndipo shemeji akaingia, mpole, kofia mkononi. Amesema kwa msaada wa Jumamosi, siku yangu ikifika atanipandisha kilimani yeye mwenyewe, bila malipo, gari limeoshwa. Mke wangu akalia. Wote wakanitazama. Walitegemea mzee anayekaribia kaburi aseme jambo la hekima.

Nimekubali. Kwa sharti moja, na kwa aibu aliyonayo hakuweza kukataa. Supachaja imeondoka nyumbani leo kama mke wangu alivyoamuru. Imeondoka ndani ya gari la maiti, likijikokota. Fundi Kwanza anaisubiri aifunge humo humo. Nikiwa ndani ya gari hilo, kwenye kilima kile, hakuna kiumbe atakayetupita!

Kwanza klachi, bila shaka. Springi nzito kuliko yangu. Shemeji amelalamika kwamba goti lake la kushoto linamuuma tangu siku ile aliposukuma. Nimemwonyesha kabati.