Wiki ya Kimya Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa Idara ametangaza. Nafasi ya mhadhiri wa kudumu ni moja, na wahadhiri wa muda tuko wawili: mimi na Mikono. Ijumaa kila mmoja ataeleza binadamu alianzaje kusema, na atakayemridhisha Mkuu anaajiriwa. Mwingine mkataba wake unaisha muhula huu. Mikono tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kupunga viganja. Nadharia yake ndiyo hiyo hiyo, eti watu wa kale waliongea kwa ishara kabla ya kutumia ulimi. Upuuzi mtupu. Lugha tunazaliwa nayo, imo mwilini kama meno, inasubiri wakati wake tu. Nilichokosa ni ushahidi. Na ushahidi uko nyumbani, unatambaa chini ya meza, umetimiza mwaka na haujasema neno.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: hakuna kuongea mbele ya binti yangu hadi Ijumaa. Neno litoke lenyewe. Nimemweleza mke wangu, akauliza kama nimekula. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mtoto azaliwe, alisema hata mbuzi huongea na watoto wake. Nikamkumbusha kuwa nikiajiriwa tutahama, naye atapata chumba chake, aache kulala sebuleni na ndoo. Akafunga mdomo papo hapo. Sijawahi kumshinda mwanamke yule! Nalala nikicheka.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Raha iliyoje. Mke wangu akitaka chumvi anasugua vidole. Mama mkwe akigonga meza, niondoe viatu. Kila akiniona anazungusha kidole kando ya kichwa, kisha ananyoosha mkono mlangoni. Nadhani ni mambo ya joto. Mtoto anamtazama kwa makini mno. Neno linaiva.

Alhamisi, 6 Machi
Bado. Fundi bomba alikuja, akabisha hodi kwa sauti ya mnada. Nikamziba mdomo. Akaondoka amenuna, bomba liko wazi, na tukashinda tukikausha sebule. Mke wangu alinieleza maoni yake kwa mikono yote miwili, kwa kirefu. Nilielewa kila kitu.
Jioni nikakutana na Mikono kwenye ngazi. Uzalendo ukanishinda, nikamwambia nyumbani kwangu hakuna anayesema. Akauliza tunaelewanaje. Nikamjibu vizuri tu, kwa ishara. Akanishukuru sana. Mtu wa ajabu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempeleka binti idarani, mama mkwe nyuma yetu kama shahidi. Nikamkalisha juu ya meza ya Mkuu, nikaeleza nadharia yangu, tukasubiri neno. Binti akamtazama Mkuu. Akaninyooshea kidole. Akakizungusha kando ya kichwa. Kisha akanyoosha mkono mlangoni.
Mkuu akauliza ile maana yake nini. Mama mkwe akatafsiri, kwa sauti, pamoja na nyongeza zake. Hata karani wa chumba cha pili alisikia.
Mikono hakuhitaji kuhutubia. Ameajiriwa kabla ya chai. Mimi nimerudi nyumbani kwa miguu, nimembeba mwanangu, roho inaniuma kweli. Ile kazi niliitaka.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu na mama yake wanafidia kimya chote, hasa kwa habari zangu. Asubuhi nilijaribu kujitetea. Binti akashika kiti, akasimama, akanitazama, akasema neno lake la kwanza: nyamaza.
Nilitokwa na machozi. Limetoka lenyewe! Hakuna aliyemfundisha. Ni kweli mama mkwe ananiambia hivyo tangu Ijumaa kila nikifungua mdomo, lakini hilo halihusiani.
Nadharia yangu iko palepale, ilikosea nyumba tu. Kesho asubuhi nakwenda kumwomba radhi fundi bomba. Nasikia ana pacha wachanga, na hakuna hata mmoja aliyeanza kusema.