Leso Zilizopima Kiwanja cha Kisauni

Mashoga zangu, leo nimeaibika mpaka masikio yameniwaka moto! Sogeeni niwape.

Mwajua nalala ukumbini kwa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mama mkwe mzima! Hata kukohoa naona haya. Na mwanangu Katana yuko vitani, huko Bama wanakopigana na Wajapani. Siku akirudi afikie wapi? Ukumbini kwa shemeji yake, tulale miguu inagongana? Kila nikifumba macho nauona mlango wangu mwenyewe, naye anauinamia aingie. (Alivyo mrefu yule!)

Basi asubuhi nikasema, leo naenda afisi ya mji niulize. Kile kiwanja changu hapa Kisauni, nyuma ya mikorosho, chafaa nyumba au hakifai? Maana siku hizi watu wanavunjiwa nyumba. Kwanza nikataka kujua ukubwa wake. Kamba sina. Nikatoa leso sandukuni, nikazifunga ncha kwa ncha, nikazitandaza upande wa mbele. Hazikufika. Nikavua na hii niliyojifunga (hapakuwa na mtu, nyamazeni!). Zikafika, sawasawa kabisa!

Nikajifunga tena yangu, zile nyingine nikatia kikapuni, nikavuka daraja kwa miguu.

"Shikamoo, bibi," karani akasema. Kijana wa bara, mpole.

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujenga nyumba ya makuti."

"Kando ya barabara kubwa hairuhusiwi, ni mawe na bati tu. Nyuma ya mikorosho sawa. Lakini upande wa mbele kiwanja kiwe futi arobaini. Chako ni futi ngapi?"

"Hizi hapa!" Nikamwaga kikapu.

Watu wamejaa kwenye benchi! Karani akacheka mpaka akashika meza. Lakini akatoa utepe wake, akazipima leso toka mlangoni hadi dirishani. Akatikisa kichwa.

"Pamepungua, bibi. Hapa hupati ruhusa."

Wee! Nikauona ule mlango wangu unafungwa, na Katana bado yuko nje. Nikapiga ukelele, "Ngoja! Imebaki moja!"

"Iko wapi?"

"Nimeivaa!"

Nikafunga ncha ya leso yangu kwenye ile ya mwisho, nikasimama wima, nikidhani atapima tu nami nikiwa ndani. (Akili za haraka hizo.) Yeye akashika upande wa pili, akavuta inyooke. Mulungu wangu! Nikazunguka kama pia ya watoto. Kuja kusimama, nimebaki na shimizi. Na shimizi yenyewe nimeishona kwa gunia la unga, si mwajua vita vimemaliza nguo madukani! Chapa iko nyuma, nyekundu, kubwa.

Mzee mmoja kwenye benchi akaisoma kwa sauti: "Unga safi wa mahindi!"

Mwenzake akauliza, "Ratili ngapi?"

Nikajifunika kwa kikapu. Mbele au nyuma? Kikapu ni kimoja! Lakini sikukimbia, wala sikulia. Nikauliza papo hapo, "Karani, zimefika?"

Maskini, alikuwa anaangalia dari. "Zimefika, bibi. Tena zimezidi. Mpimaji atakuja na mnyororo wake ahakikishe, lakini wewe anza kutafuta miti."

Basi kesho njooni mniondolee magugu pale. Chekeni leo, mmalize. Na Katana akirudi akauliza mama alikipataje kiwanja, mwambieni alipima. Alipimia nini, hayamhusu!