Mzee Subira na Posa ya Mwanaidi

Ndugu zangu, leo nimeaibika. Tena si aibu ya kujikwaa barazani ukainuka ukajipangusa. Nimeaibika mbele ya wageni wa posa, nikiwa nimevaa joho! Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa shemeji yangu Nassoro, maana kesho anakwenda Kwale, na Nassoro akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka haliliki.

Mnanijua. Tumekaa chuo cha Kurani pamoja, tumechapwa kwa bakora moja. Namshukuru Mungu kwa afya, kwa mke mwema, na kwa wanafunzi wangu hapa Msambweni, ambao baadhi yao husoma. Na ninamshukuru (astaghfirullah) kwa ile gramafoni ya betri niliyoachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya miwa ya Ramisi, alipofungasha kurudi kwao baada ya uhuru. Nilikuwa nikimfundisha Kiswahili. Akaniachia na sanduku la santuri.

Tangu hapo mimi ni mtu wa jazi. (Najua mnatikisa vichwa. Tikiseni, lakini malizeni kusoma.) Adhana ikitoka, nazima. Ila kati ya alasiri na magharibi niacheni na watu wangu. Kiingereza cha kwenye majalada sikijui, kwa hiyo wanamuziki nimewapa majina mwenyewe. Mpiga tarumbeta ni Baba Mashavu. Albamu yake ya jalada la buluu naiweka juu ya zote, kwa sababu haongei ovyo. Anapuliza neno moja, anatulia, anakuachia nafasi ulifikirie. Mpiga kinanda ni Mtafuta Funguo. Hupapasa huku na huku kama mtu aliyefika kwake gizani, na ukishakata tamaa, mlango unafunguka. Albamu yake ya pili siipendi sana. Ameongeza wapiga ngoma wawili, nao wanagombana.

Na roki? Sandukuni mlikuwa na albamu moja ya vijana watatu wanaoruka hewani kwenye jalada. Niliisikiliza mara moja, kwa uadilifu. Ni mabehewa ya miwa yameacha reli! Nikairudisha ndani, nikaifunika kitambaa.

Lakini kipenzi changu alikuwa Mzee Subira. Santuri yake ni ndogo, ilikuwa chini kabisa ya sanduku, jalada limeliwa na mchwa na maandishi ya katikati yamefutika. Lo, sauti ile! Nzito, inajikokota, sauti ya mtu aliyezika wengi akabaki na shukurani. Gitaa linamfuata nyuma taratibu, kama mjukuu aliyembebea babu mkongojo. Nikasema, jazi ndiyo hii. Hata rehema nimemwombea, mara nyingi tu, kwa kuwa mwenye sauti ile hawezi kuwa bado yuko hai.

Basi. Leo ilikuja posa ya binti yangu Mwanaidi. Anayemposa ni Bakari wa Diani, kijana wa adabu, anaswali, anasaidia wazazi wake, ila (hapo ndipo moyo wangu ulipokwama) anapiga gitaa la stima katika bendi ya hoteli. Anapiga roki. Mke wangu, Bi Mwanamisi, alikuwa ameshanionya.

"Mtoto anamtaka, baba Mwanaidi. Ukimkataa huyu, usijisumbue kutafuta mwingine, hatamtazama."

Nami nilikuwa nimekwisha azimia kukataa. Kwa upole, lakini kukataa.

Baada ya alasiri wakabisha hodi. Kwetu mposaji haji mwenyewe. Alikuja mjomba wake, Mzee Hamisi, pamoja na wazee wawili. Upande wangu alikaa Nassoro, kwa kuwa yeye ndiye mjomba wa Mwanaidi, na kwetu Wadigo mjomba ana neno. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Kahawa ikanywewa, haluwa ikaliwa, Mzee Hamisi akaomba kwa maneno mazuri kweli. Nikakohoa.

"Mzee Hamisi, kijana wenu simtii ila. Ninachohofia ni muziki wake."

"Muziki, Maalim?"

"Roki. Ni muziki wa pupa. Mtu wa pupa ataoa kwa pupa, na ataacha kwa pupa."

Nassoro akaninong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika hadi kisiwa cha Funzi: "Shemeji, hukumu hiyo umeisoma kitabu gani?"

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima yangu kamili. Lakini mpenzi wa muziki ananyamazaje? Nikaingia chumbani, nikatoka na gramafoni, nikaiweka juu ya kiti katikati ya wageni. Wageni wa posa! Nikamweka Mzee Subira.

Akaanza kujikokota. Wazee wakainamisha vichwa. Mmoja alifumba macho. Nikafurahi kwamba amezama (baadaye alikiri kwamba alikuwa amesinzia).

"Mnasikia?" nikasema. "Huyu ni mzee, ameshatangulia mbele ya haki. Hii ndiyo jazi. Mwenye sauti hii hawezi hata siku moja kumfokea mkewe."

"Kweli ametulia," akasema Mzee Hamisi. Akasikiliza tena. "Au alikuwa anaumwa?"

Nikalipuuza swali. "Basi nasema mbele yenu, na Nassoro ni shahidi. Siku Bakari atakapoweza kuupiga wimbo wa santuri hii kwa gitaa lake, Mwanaidi ni mkewe. Sitaongeza neno!"

Nikamsikia Bi Mwanamisi nyuma ya pazia akivuta pumzi, ile pumzi ambayo kila mwenye mke anaijua.

Ningekaa sasa. Sikukaa. Nilitaka kuipamba hukumu yangu, nikainua mkono juu kama khatibu. "Sikilizeni hapa, jinsi anavyolishusha neno!" Nami nikaushusha mkono. Na mkono wa joho ukanasa kijiti kidogo kilichoko ubavuni mwa gramafoni.

Kijiti hicho sikuwahi kukigusa. Yule mzungu alikiacha mahali pake, nami nikadhani ni cha kufungia kifuniko. Kumbe ni cha mwendo! Nimeelezwa baadaye kwamba santuri kubwa huzunguka polepole, na ndogo huzunguka mbio. Miaka yote hii nimemzungusha Mzee Subira kwa mwendo wa Baba Mashavu.

Kijiti kikaruka. Santuri ikashika kasi.

Subhanallah! Mzee Subira akafufuka. Sauti ikapanda, ikapanda, ikawa ya msichana! Msichana mdogo, mwenye furaha ya kupindukia, anaruka juu ya maneno kama mtu avukaye makaa. Yule mjukuu wa gitaa akatupa mkongojo akatimua mbio. Ngoma zikaingia. Mzee aliyesinzia akashtuka, kahawa ikammwagikia kanzuni. Nami nimesimama katikati, nimeinama, joho limenasa, siwezi kujitoa bila kukiangusha chombo kizima!

Nyuma ya pazia wasichana wakapasuka. Si kicheko tu. Walikuwa wakiimba! Wimbo wote waliujua.

Mzee Hamisi akanitazama kwa heshima kubwa.

"Maalim," akasema, "mgonjwa amepona."

"Tena amekuwa mwanamke!" akadakia Nassoro, machozi yanamtiririka. "Shemeji, zile dua zako zimezidi kipimo!"

"Kwani hii ni nini?" nikauliza. (Nilijua. Nilitaka tu aseme mwingine.)

"Ni roki, Maalim. Ndiyo anayoipiga Bakari kila Jumamosi. Nyumbani kwetu hata kuku wanaijua," akajibu Mzee Hamisi.

Nikanasua joho, nikakaa. Neno nilikuwa nimelitoa mwenyewe, mbele ya mashahidi, wala hakuna aliyenilazimisha. Na niwaambie ukweli, ndugu zangu, kwa kuwa sisi hatufichani: santuri ilipokuwa ikimalizika, mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu. Binti yule anaimba vizuri! Pumzi anayo. Nafasi za kufikiri anaziacha vilevile, ila yeye anataka ufikiri upesi. Sauti niliyoipenda kwa subira yake ilikuwa ya mtoto mwenye haraka, na bado ilikuwa nzuri. Nikamfikiria Bakari, mkwe ambaye sikuwahi hata kumsikia akipiga.

"Nimekubali," nikasema. "Sasa aulizwe mwenyewe."

Sheria mnaijua. Binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Wangu hakunyamaza. Alikuwa nyuma ya pazia akicheka mpaka anakohoa. Mzee Hamisi akaingiwa na wasiwasi, nikamtuliza kwamba masheikh wamesema hata kicheko ni idhini.

"Ila si kicheko cha dhihaka," akasema Nassoro. (Nimehangaika naye kwa vitabu tangu nimwoe dada yake, hakushika hata ukurasa mmoja. Leo ndiyo anakumbuka!) "Lazima tuhakikishe, shemeji. Alikuwa anaikubali posa, au alikuwa anamcheka babake?"

Swali ni la fikihi, na wageni wanangoja. Ningefanyaje? Nikamwomba mke wangu akaulize. Akakawia. Tukasikia minong'ono, kisha kicheko kingine, kisha Bi Mwanamisi akachungulia kwenye pazia, amejiziba mdomo kwa leso.

"Anasema vyote viwili."

Fatiha ikasomwa papo hapo. Harusi itakuwa baada ya mwezi mtukufu, inshallah, na muziki nimeambiwa nisijishughulishe nao kabisa. Nawasihi msinicheke, ndugu zangu. Na atakayecheka, nitahesabu amekubali kuja.