Fimbo Inayochukuliwa na Wengi

Habari ilimfikia Suti akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa shingoni. Kinyozi alikuwa akisimulia jinsi meneja mpya wa ofisi ya bima alivyo na wazimu wa gofu, na jinsi karani aliyembebea mfuko wake uwanjani Jumamosi alivyofika kazini Jumatatu akakuta amefanywa mkuu wa kitengo. Sasa ofisi nzima inatafuta fimbo za gofu kwa udi na uvumba. Suti akafumba macho. Kinyozi alidhani mteja amesinzia, kumbe mwenzake alikuwa ameshaanza kazi.

Tumtambulishe huyu bwana kwa heshima zote anazostahili, ambazo si nyingi. Duka hakuwa nalo, cheo hakuwa nacho, na gofu hakuijua hata kidogo. Alichokuwa nacho ni suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini, na hiyo ndiyo iliyompa jina na riziki. Mlinzi wa ile ofisi aliipigia saluti kila ilipopita getini, bila kumtazama aliyeivaa.

Kwenye stoo ya hoteli iliyofungwa, Suti alipata rundo la fimbo kwa bei ya vyuma chakavu. Zote zilikuwa za aina moja: fupi, kichwa bapa, zile za kuusukuma mpira polepole ukishafika karibu na shimo. Za kuupiga mpira mbali zilikuwa zimeshauzwa. Mwingine angekata tamaa. Lakini Suti aliwajua wanunuzi wa kawaida: hawaulizi ipi ni nzuri, wanauliza ipi inachukuliwa na wengi.

Na kweli, karani wa kwanza aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya upele.

"Hii," Suti akasema, akiipangusa kwa leso. "Zile ndefu ni za mabwana wanaotaka kuonekana. Watu wa kawaida wenye akili zao wanachukua hii. Nimebakiwa na chache."

Kufikia Ijumaa ofisi nzima ilikuwa nazo. Hata mpika chai, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, alinunua moja kwa akiba aliyokuwa akiiweka apate cherehani. Alimnunulia mkwe wake, karani mpole ambaye meza yake ilikuwa imesahauliwa karibu na choo tangu alipoajiriwa.

Jumamosi makarani wakajipanga uwanjani, kila mmoja na fimbo ile ile. Mkwe ndiye aliyetangulia kupiga. Mpira ukajikokota, ukasimama karibu na viatu vya meneja. Meneja akaangalia fimbo ya kijana, akaangalia za wenzake, akacheka hadi akakaa chini. Siku hiyo mkwe alirudi nyumbani akalala bila kula.

Shangazi aliumia sana, zaidi kwa ajili ya kijana kuliko cherehani. Jumatatu alikoroga chai kwa nguvu kuliko kawaida, kisha akawaita makarani jikoni mmoja mmoja, akazungumza nao.

Siku iliyofuata akamfuata Suti kwa kinyozi. Suti alipomwona alianza kutafuta mlango kwa macho, lakini mama wa watu alikuwa amekuja na shukrani. Meneja amefurahi kupita kiasi, alisema. Anaandaa mashindano ya watu wa kawaida, matawi yote, kwa fimbo fupi tu, na anazitaka zote zilizopo mjini kwa bei yoyote.

"Makarani wanajua?" Suti akauliza.

"Hawajaambiwa, mwanangu. Ndiyo maana nimekuwahi wewe."

Wanaoishi kwa kuwazunguka wenzao wana udhaifu huu: hawadhani kwamba kuna mwingine anayeijua kazi hiyo. Mchana Suti alipita getini, akapigiwa saluti, akaanza kuzinunua fimbo zake meza kwa meza. Makarani walimtoa jasho. Mmoja alisema ameshaizoea, haiuzi. Mwingine alidai mke wake anaitegemea kuning'inizia pazia. Bei ikawa inapanda kila meza, pochi ikakauka, na kwenye meza ya mwisho ikabidi avue saa. Ikabaki ile ya mkwe, ambayo Shangazi alikuwa nayo jikoni.

"Nirudishie nilichokupa," Shangazi akasema, "na hiyo suti juu yake. Kijana aivae siku ya mashindano."

Moyo ulimwuma Suti, tusimwonee. Kisha akaziwazia suti kumi atakazonunua jioni. Akatoa noti alizoficha kwenye soksi, akavua koti, akavua suruali. Shangazi aligeukia ukuta kwa adabu, akampa aproni, akamshauri atokee mlango wa nyuma makarani wasimwone hivyo, azungukie getini ampelekee meneja mzigo wake.

Getini mlinzi akamzuia.

"Mimi ndiye unayenipigia saluti kila siku," Suti akasema.

Mlinzi akamkagua kuanzia vidole vya miguu. "Mimi nawapigia wakubwa."

Hata hivyo alipiga simu juu. Katibu muhtasi akajibu kwamba meneja hajaagiza fimbo yoyote, na habari za mashindano hazijui. Suti akainua macho. Makarani walikuwa wamejaa madirishani na vikombe vyao vya chai, na katikati yao mkwe wa Shangazi alikuwa akijaribu koti la kijivu. Lilimkaa vizuri kuliko mwenyewe. Mlinzi naye akaliona, na mkono wake ukapanda wenyewe, akapiga saluti.

Alipoushusha, akatazama rundo lililokuwa chini. Naye alikuwa amechoka kufungua geti, na habari za yule karani aliyepandishwa cheo zilikuwa zimemfikia. Akasogea, akapunguza sauti.

"Hivi, hizo fimbo zako, wengi wanachukua ipi?"

Suti akakaza kamba ya aproni, akachomoa moja, akaipangusa.

"Hii," akasema. "Mimi mwenyewe nimezichukua zote."